Mashine za ICU tunazo, wa kumtoa mgonjwa kwenye mashine yuko wapi?

"Mwanangu, mbona yule dada ampiga ndugu yangu?"

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. Tulikuwa tumesimama nje ya kioo cha chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali moja hapa Mombasa ambayo sitaitaja. Ndani alilala ami yangu, siku ya sita kwenye mashine ya kupumulia, nimonia imemshika mapafu yote mawili. Kando yake mwanamke mmoja aliyevaa glavu na barakoa alikuwa amekunja viganja kama mtu achotaye maji, akimgonga gonga ubavuni kwa mpigo mmoja usiobadilika.

Alipotoka, Shangazi alimkabili. Dada yule hakukasirika. "Mama, simpigi, namtoa belghamu," alisema. Alieleza kwamba mtu mwenye mrija kooni, tena aliyepewa dawa ya usingizi, hawezi kukohoa. Belghamu huganda ndani, sehemu ya pafu hufunga, na mashine hata ikisukuma hewa vipi haifiki. Kazi yake ni kumgeuza mgonjwa, kulegeza uchafu ule, kisha kuuvuta kwa mrija mwembamba.

Huyo ndiye mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wengi wetu twamwita mtu wa fizio, tukidhani kazi yake ni kukanda goti la mcheza mpira au mkono wa mzee aliyepigwa na kiharusi. Ukweli ni kwamba katika ICU yeye ni miongoni mwa watu wanaoamua kama mgonjwa wako atatoka kwa miguu yake au atatoka amebebwa.

Nimeliandika hili kwa sababu ya kilichofuata. Ijumaa jioni dada yule aliondoka. Jumamosi hakuna aliyekuja, Jumapili vile vile. Tulipouliza tukaambiwa yuko mmoja tu mwenye ujuzi wa kifua, na zamu yake ni Jumatatu hadi Ijumaa. Jumatatu asubuhi tuliambiwa pafu la kulia limefunga sehemu ya chini na oksijeni imebidi iongezwe. Siwezi kuapa kwamba siku mbili zile ndizo zilizoleta hayo, kwani nimonia ni ugonjwa mbaya. Lakini belghamu haijui wikendi.

Tuangalie basi mtaalamu mwandamizi wa idara hii hubeba nini. Kwanza ni hicho kifua. Anasikiliza mapafu, anasoma picha ya eksirei na namba za mashine, kisha anaamua mgonjwa alazwe upande gani. Kumlaza mgonjwa kifudifudi ni mfano mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoshindwa vibaya, waliolazwa kifudifudi kwa saa nyingi kila siku walifariki asilimia 16 ndani ya siku 28, ilhali waliobaki chali walifariki karibu asilimia 33. Hakuna dawa mpya hapo, ila kumgeuza mtu mwenye mirija kila mahali bila kung'oa hata mmoja kwataka timu na kwataka mtu anayejua.

Pili, hushirikiana na madaktari na wauguzi kumwachisha mgonjwa mashine. Misuli ya kupumua hulegea ikifanyiwa kazi na mashine. Lazima mtu apime: je, anaweza kuvuta pumzi mwenyewe kwa nusu saa? Ana nguvu ya kukohoa? Ukiutoa mrija mapema atarudishiwa, na kila akirudishiwa hatari yaongezeka. Ukichelewa, anazidi kudhoofika.

Tatu ni mwili mzima. Watafiti wa London walipima paja la wagonjwa wa ICU na kukuta kwamba kwa siku 10 tu msuli hupungua karibu asilimia 18. Ndiyo maana ami alipotoka, baada ya siku 19, hakuweza kushika kikombe cha kahawa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, wa wagonjwa 104, ulionyesha kwamba walioanza mazoezi wakiwa bado kwenye mashine, asilimia 59 waliweza kujihudumia wenyewe walipotoka hospitali. Wale waliongojea kama kawaida walikuwa asilimia 35.

Hapa ndipo neno "mwandamizi" linapokuwa na maana. Mwaka 2022 utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 750 katika nchi sita, ulionyesha kwamba kuwainua wagonjwa mapema na kwa wingi kupita kawaida hakukuwaongezea faida, na matukio ya hatari yaliongezeka. Kwa hivyo si suala la kila mgonjwa kuketishwa leo leo. Ni suala la kuwa na mtu aliyeona mengi, anayejua nani ainuliwe, nani aachwe, na lini asimamishe zoezi moyo ukienda mbio. Huyo huyo ndiye anayewafunza vijana wapya, anayepanga nani aonwe kwanza, na anayemwachia muuguzi wa usiku maelekezo yaliyo wazi.

Sasa tuje kwenye siasa zake. Afya iligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013. Mwaka 2015 ukaja mpango wa serikali kuu wa kukodisha vifaa, vikiwemo vya ICU. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilikuta baadhi ya vifaa vimekaa bure kwa kukosa wataalamu au umeme. Mwaka huo huo korona ilitufundisha tena somo lile lile: kila kaunti iliambiwa itenge vitanda 300, picha za vitanda zikapigwa, lakini kitanda hakimgeuzi mgonjwa.

Mwanasiasa hupenda mashine kwa sababu hukatiwa utepe. Mtaalamu hakatiwi utepe. Yeye huonekana kwenye hesabu ya mishahara tu, na huko ndiko wa kwanza kupunguzwa.

Sheria ya kuwasimamia wataalamu hawa ipo tangu 2014, na baraza lao la usajili lipo. Kilichobaki ni kuajiri. Kila mwaka makadirio ya bajeti hutakiwa yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na Katiba inatupa haki ya kutoa maoni. Mikutano hiyo sisi huijaza kwa hoja za barabara na taa za mtaani, na ni haki yetu. Lakini kuanzia Lamu hadi Kwale, naomba mwenye kusimama aulize pia: ICU yetu ina wataalamu wangapi wa tiba ya viungo? Nani yuko zamu Jumapili na usiku? Na mgonjwa akitoka ICU, nani anamfuatilia hadi atembee?

Nasi jamaa tuna letu. Twapenda kusema "mwacheni apumzike," na mtaalamu akija kumketisha mgonjwa twamwona katili. Mapumziko yana wakati wake. Tukifundishwa jinsi ya kumkunja mikono na miguu, tukubali. Mkandaji wa mtaani asiitwe kwa mgonjwa aliyetoka ICU juzi kabla mtaalamu hajaulizwa. Na tukiona kazi haifanywi, tuulize kwa adabu na tuandike tarehe.

Ami yu hai, alhamdulillahi. Miezi minne sasa, na juzi alitembea na mkongojo hadi barazani akaagiza kahawa mwenyewe. Kikombe kilimtetemeka kidogo mkononi. Shangazi bado anamtaja dada yule katika dua zake kila Ijumaa, siku ile ile ambayo zamu yake huisha na wadi kubaki bila mtu wa kifua hadi Jumatatu.