Mitungi ya upepo ipimwe kabla haijaua

Mkulima wa Rubya, wilayani Muleba, husafirisha kahawa na ndizi kwa pikipiki au pikapu. Vyombo hivyo navyo humtegemea fundi wa pancha mwenye kompresa. Lakini ni wenye kompresa wangapi wanaojua hali ya mtungi wao kwa ndani?

Upepo unapogandamizwa hutoa maji, na maji hayo hutuama chini ya mtungi. Yasipofunguliwa kila siku, kutu hula bati kimyakimya huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Mnunuzi wa kompresa iliyotumika huweza kuuziwa bomu akidhani amepata mtaji.

Hatari hii si hadithi. Mei 2024, watu 11 walipoteza maisha katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa mkoani Morogoro, baada ya bomba la mvuke kupasuka. Kama yanatokea kiwandani kwenye wahandisi, fundi wa kando ya barabara asijione yuko salama.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Kwanza hupimwa unene wa bati. Kisha mtungi hujazwa maji na kusukumwa hadi kama mara 1.3 au 1.5 ya presha ya kazi. Hutumika maji kwa sababu mtungi ukishindwa, maji huvuja tu, upepo hulipuka. Kwa hiyo asitokee mtu wa kujaribu mtungi mkuukuu kwa upepo.

Wengi humkwepa mkaguzi wakihofia kufungiwa biashara. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Tuchukue mfano wa mtungi wa bar 10 ambao bati lake la milimita 4 limebaki milimita 3. Uwezo wake umepungua kwa robo, hivyo haupaswi kuzidi bar 7.5, na mkaguzi anaweza kuushusha zaidi. Hata ukishushwa hadi bar 6, tairi la gari dogo huhitaji kama bar 2 hadi 2.5 tu. Mwenye mtungi atakosa malori, lakini hatakosa mkate wake. La msingi ni kwamba swichi ya presha na valvu ya usalama zirekebishwe zifuate kiwango kipya. Anayeiziba valvu hiyo ili apate upepo mwingi anachezea roho za wateja wake.

Kazi ya ukaguzi ni ya OSHA, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na safari hiyo ni mzigo kwa fundi mwenye mtungi mmoja. Ni maoni yetu kwamba OSHA na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba wapange siku maalumu za upimaji, mafundi wa Rubya, Kamachumu na Muleba mjini wakusanye mitungi yao pamoja, na gharama zigawanywe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtungi ukipasuka, hata wa kuujenga ukuta huenda asibaki.