Majuma ya Mimba Yahesabiwe Mapema

Ukiyasikiliza mazungumzo ya watu juu ya kipimo cha altrasaundi, iwe Peramiho au penginepo nchini, utadhani kazi yake kubwa ni kumwambia mama kama atazaa mtoto wa kiume au wa kike. Ndiyo maana wengi hukingojea hadi mwezi wa saba au wa nane. Lakini kwa mama anayeweza kuzaa kabla ya wakati, kipimo cha mwezi wa nane kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia ndiye tunayemwita njiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani. Je, majuma hayo yanahesabiwa tangu lini? Mama mkulima wa Mpitimbi au Muhukuru, aliyeshinda shambani masika nzima, huenda hakuandika tarehe ya hedhi yake ya mwisho, wala hastahili kulaumiwa kwa hilo. Altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea umri wa mimba kwa siku chache tu. Ile ya miezi ya mwisho huweza kukosea kwa majuma matatu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 Shirika hilo lilishauri kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya juma la 24.

Majuma matatu si jambo dogo. Iko sindano ya deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, inayosaidia kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa mapema. Utafiti uliofanywa katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Zambia, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwashtua wataalamu. Dawa hiyo ilipoenezwa hadi vijijini bila umri wa mimba kujulikana sawasawa, vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka, na wengi wa akina mama waliochomwa walikuja kuzaa kwa wakati wao. Mwaka 2020 ukachapishwa utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, wa hospitali 29 ambako umri wa mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi. Humo dawa ile ile iliokoa maisha: walikufa wachanga 19.6 katika kila 100, badala ya 23.5.

Kipimo hiki kina kazi nyingine pia. Mtaalamu akipima kwa kifaa cha ndani, kati ya juma la 18 na la 24, akakuta shingo ya kizazi ni fupi kuliko milimita 25, ni dalili ya hatari, na projesteroni inayowekwa ukeni huipunguza. Hatusemi kuwa kipimo hiki ni ramli. Wengi wanaozaa njiti hawakuwa na dalili hiyo.

Peramiho, yenye hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu, ina bahati ambayo sehemu nyingi za vijijini hazina. Hata hivyo, hospitali haiwezi kumpima mama asiyefika. Mimba changa hufichwa katika nyumba nyingi, zikiwamo nyumba za walimu na watumishi, yaani hao hao wanaotegemewa kuwahimiza wanakijiji waende kliniki mapema. Halmashauri nazo, zinapotenga fedha za mashine, hazina budi kutenga na za kumsomesha mwenye kuitumia. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa mtaalamu ni samani tu.

Kwa watumishi liko jambo linalowagusa wenyewe. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili likizo ya uzazi ya mama aliyezaa njiti iongezwe muda uliobaki kufikia majuma 40 ya mimba. Mwalimu ambaye majuma yake hayakuhesabiwa mapema atampelekea mwajiri wake hesabu gani?