Santuri ya zamani isifungiwe kabatini

Jumapili mchana hapa Mangobo, Kisangani, sisi wapenzi wa muziki wa zamani huketi barazani na simu zetu. Kwanza ni mpira: nani katika Léopards, timu yetu ya taifa, wa leo angepata namba kwenye kikosi cha 1974, kilichotwaa Kombe la Afrika huku Ndaye Mulamba akifunga mabao 9? Kisha bei ya mihogo, kisha umeme uliokatika. Mwishowe mtu anarusha wimbo wa bendi ya African Jazz, na ubishi wote unakoma.

Hapo ndipo roho huniuma. Wimbo unafika bila jina wala mwaka. Gitaa hilo ni la Docteur Nico au la kaka yake Dechaud? Karatasi ya katikati ya santuri ina mengi: mtunzi, namba, kampuni, iwe Ngoma, Opika au Loningisa. Anayerekodi sauti bila kuipiga picha karatasi ile ameacha kazi nusu.

Wengine hawataki hata kuzionyesha santuri zao. Nawaelewa, maana kitu kikishaazimwa aghalabu hakirudi. Lakini Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya mji wetu, mabomu yaliharibu nyumba na vilivyokuwamo. Nakala iliyoko Bunia au Brussels ingesalimika.

Mzee wangu, usiiazimishe santuri yako. Mwite kijana aje kwako, aifute kwa kitambaa laini, airekodi mbele ya macho yako, aipige picha pande zote mbili.