KARATASI ZA MAJI YETU ZIKO OXFORD, NDOO TUPU ZIKO NEWALA!

Wewe kijana uliyesimama Kariakoo na mashati begani, wewe unayesukuma mkokoteni Mbagala, wewe unayeitwa Mmachinga ingawa kwenu ni Newala na Machinga ya Lindi hujawahi kuikanyaga: tunakuuliza swali moja. Kwa nini uliondoka nyumbani?

Utajibu kwamba ulifuata maisha. Sawa. Lakini kwa mtu wa Uwanda wa Makonde maisha yana jina, na jina hilo ni MAJI. Mama yako analijua. Ameshuka mteremko alfajiri na ndoo, amepanda nao jua likiwa utosini. Mwenye baiskeli amebeba madumu na kuyauza. Mwenye bati amechimba kisima uani avune mvua. Asiye na bati wala baiskeli ameomba kwa jirani. Na kila baada ya miaka mitano mheshimiwa anapanda jukwaani, anafuta jasho kwa leso nyeupe, anatangaza kwamba suala la maji ya Makonde linafanyiwa utafiti.

Ndugu msomaji, utafiti gani tena?

MTU ALIYEPIMA NCHI HII

Wapagazi wa Kilimanjaro wanakijua kituo kinachoitwa Gillman's Point, mita 5,685 juu, kwenye ukingo wa Kibo. Waulize huyo Gillman alikuwa nani. Wengi watakwambia Mzungu mpanda mlima. Kweli alifika pale mwaka 1921, lakini hiyo haikuwa kazi yake.

Clement Gillman, aliyezaliwa mwaka 1882, alikuja huku 1905, zama za Mjerumani, kujenga reli. Mwingereza alipoichukua nchi, Gillman akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa Reli ya Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ikamfanya mshauri wake wa maji. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya idadi ya watu wa Tanganyika nzima, inayoonyesha watu wamejaa wapi na wapi hakuna mtu. Ramani yake ya uoto wa nchi ilitoka 1949, mwenyewe akiwa kaburini. Na mwaka 1945 aliandika makala kamili juu ya Uwanda wa Makonde: jinsi babu zako walivyofyeka, wakalima, kisha wakaacha pori lirudi ili ardhi ipumzike.

Hatumsifu mkoloni hapa. Alilipwa kwa kodi ya kichwa ya babu yako, na ndiyo sababu tunamtaja. Kazi hiyo tuliilipia SISI.

MVUA IPO, MAJI HAYAPO

Mtu wa Dar es Salaam akisikia Newala hakuna maji, anadhani kule ni jangwa. La hasha! Uwanda unapata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja. Tatizo ni ardhi. Juu ni mchanga mwekundu unaokunywa kila tone. Maji yanazama chini kabisa, kisha yanatokea kwenye chemchemi miguuni mwa uwanda. Nenda Ndanda ukaone yanavyobubujika. Halafu simama Shimo la Mungu pale Newala, tazama bonde la Ruvuma lilivyo mbali chini yako, uelewe kwa nini mama amechoka. Babu zetu walipanda juu karne ya 19 kuwakimbia wavamizi na wauza watumwa. Walipata usalama, wakalipa kwa kiu.

Kwa hiyo dawa inajulikana: maji yasukumwe kutoka chini kupelekwa juu, mamia ya mita. Mkoloni alianza kufanya hivyo miaka ya 1950. Siku pampu ikifa, au umeme ukikatika, au mafuta yakikosa fedha, bomba linakauka. Hakuna fumbo hapo la kusubiri profesa.

ZIKO WAPI KARATASI?

Shajara za Gillman, zile alizoandika kwa mkono wake miaka na miaka, ziko Oxford, Uingereza, katika maktaba ya chuo kikuu. Hatumwiti mtu mwizi. Shajara ni ya aliyeiandika. Lakini kijana wa Newala anayetaka kusoma nchi yake ilivyopimwa akate tiketi ya ndege?

Na Gillman si wa kwanza. Mwaka 1906 Profesa Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala na kamera na mashine ya kunasa sauti. Vitu na sauti za wazee wetu vikaenda Ujerumani. Ukitaka kusikia babu wa babu yako akiimba, uliza huko.

Msije mkadhani mkoloni mwenyewe aliheshimu elimu yake. Gillman alikufa 1946. Mwaka huohuo wataalamu kutoka London walizunguka nchi kwa wiki chache tu, wakasema karanga zitastawi. Mwaka 1947 mradi ukaanza, na Nachingwea, jirani wa Masasi, ikawa sehemu yake. Hawakujali vya kutosha mvua wala udongo. Mwaka 1951 mradi ukazikwa na pauni milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hayo ndiyo malipo ya kutosoma.

MKOLONI KAONDOKA, UGONJWA UMEBAKI

Sasa tuje kwetu, maana kumtukana Mwingereza ni rahisi. Wafini waliingia Mtwara na Lindi na miradi ya maji vijijini mwaka 1972. Mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo miwili ulikamilika 1977. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iwe mshauri mkuu wa serikali kwa mambo ya sayansi. Juni 2022 ikasainiwa mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na Makonde imo.

Washauri hawajapungua, karatasi hazijapungua, mikopo haijapungua. Kilichopungua ni mtu wa kumwonyesha mwananchi karatasi hizo. Kwa sababu mwananchi akizisoma atauliza: kama mwaka 1977 mlijua, miaka hii yote mlikuwa wapi? Vigogo wa chama tawala hawana jibu la swali hilo, ndiyo maana wanatupa neno utafiti kama pipi kwa mtoto anayelia.

FANYA HIVI

Sheria ya nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 inasema kumbukumbu za serikali zifunguliwe zikitimiza miaka 30. Za mwaka 1977 zilitimiza 2007! Sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 30. Hawakukutangazia? Sisi tunakutangazia.

Ukienda nyumbani msimu wa korosho, usipeleke fulana peke yake. Peleka barua. Iandike kwa halmashauri, Newala au Masasi, omba vitu vitatu: taarifa za mshauri wa maji wa Tanganyika, mpango wa 1977, na mkataba wa 2022. Omba pia nakala za shajara za Oxford ziletwe, ziwekwe mahali kijana anaweza kuingia bila kuvua kofia mara tatu. Weka muhuri wa tarehe. Hesabu siku 30.

Wakikupa, soma na wenzako kijiweni. Wasipokupa, itunze nakala ya barua yako. Mheshimiwa atarudi jukwaani na leso yake nyeupe. Akianza tu kusema utafiti, inyanyue juu watu wote waione.