MALI YA KALE NYUMBANI: Bunduki ya Marehemu Ing'arishwe au Iachwe?

Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa kwetu aliyeolewa Marekani. Baba mkwe wake, aliyepigana Korea katika ujana wake, amefariki na kuacha bunduki aina ya M1 Garand, aliyoinunua baadaye kutoka katika akiba ya jeshi. Mumewe ataka kuipiga msasa na kuipaka vanishi ili ing'ae siku ya kumbukumbu ya mzee. Shemeji yake naye asema kwamba atakayeigusa amemgusa baba yake. Mama huyu auliza: nani kati yao asikilizwe?

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Bunduki hii ilibuniwa na John Garand, mzaliwa wa Kanada, katika kiwanda cha serikali cha Springfield, jimbo la Massachusetts. Jeshi la Marekani liliikubali rasmi mwaka 1936. Ilitumika katika Vita Vikuu vya Pili na katika vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, na zilizotengenezwa zapita milioni 5. Siku hizi zilizobaki katika akiba huuziwa raia na shirika la Civilian Marksmanship Program, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Mti wake aghalabu ni wa walnati, nao haukupakwa vanishi kiwandani. Ulitiwa mafuta tu, kama ya kitani, ukawa na rangi ya kahawia iliyofifia. Kwa hiyo anayeipaka vanishi ing'ae kama kioo hairudishii sura yake ya awali, bali huipa sura isiyopata kuwa nayo.

Jambo zito zaidi ni mihuri. Wakaguzi wa jeshi waligonga alama zao katika mti: upande wa kushoto herufi za kiwanda na za jina la mkaguzi, na penye mshiko herufi P ndani ya duara, ishara kwamba bunduki imejaribiwa kwa risasi. Nyingi zilirudishwa katika karakana za jeshi, zikafanyiwa matengenezo na kugongwa mihuri mingine. Alama hizo si za kina kirefu. Msasa wa dakika chache huzifuta, na wanunuzi wenye ujuzi huzitafuta mno, hata wako wadanganyifu wanaogonga mihuri ya bandia. Mihuri ikifutika, thamani ya bunduki huteremka, na ushahidi wa ilikopita hupotea pamoja nayo.

Je, isiguswe kabisa? La, uchafu si historia. Kwanza mwenye ujuzi ahakikishe kwamba haina risasi, naye ajihadhari na kidole gumba, maana komeo lake hujifunga kwa nguvu. Kisha mti ufutwe kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo ili kuondoa grisi ya ghalani. Palipobonyea, pawekwe kitambaa kibichi na kupitishwa pasi ya moto; mvuke huinua nyuzi za mti. Lakini pasi isikaribie mihuri, kwa kuwa mvuke huo huo huinua na alama. Mwisho yapakwe mafuta ya kitani, tabaka jembamba, na kufutwa vema. Chuma nacho kifutwe kutu kwa mafuta mepesi. Kisitiwe rangi mpya.

Tahadhari moja isisahauliwe: vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni. Mafuta hayo yakaukapo huzaa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe na kuteketeza nyumba. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika kopo la chuma lenye maji.

Zipo bunduki ambazo kuzikarabati si kosa: zile zilizokwisha katwa mti na wawindaji, au zile ambazo mti wake umeoza au umekwisha pigwa msasa na mihuri haipo tena. Basi mama na mumewe waikague kwanza mahali pa mwanga, mihuri ikiwapo waipige picha. Ikiwa ipo, twaona shemeji amesema kweli, ijapokuwa kwa ukali. Naye mume aweza kutimiza heshima yake kwa kuisafisha tu. Ikiwa haipo, waamue kwa kupatana.

Lakini kabla ya yote, ndugu hawa wakae pamoja waandike wanayoyakumbuka kwa mzee: aliipata lini, aliisimulia nini. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na bunduki, mahali palipofungwa, mbali na watoto. Bunduki iliyoachwa leo yaweza kupigwa msasa mwakani wakitaka. Iliyopigwa msasa leo, hakuna fundi wa kuirudisha.