UCHAMBUZI: Safari ya New York haipimwi kwa kilomita pekee

SHIRIKA la Ndege la Kenya (KQ) lilipozindua safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018, Wakenya wengi walishangilia wakiamini kuwa hatimaye Marekani imesogezwa karibu. Je, ilisogea kweli?

Umbali kati ya uwanja wa JKIA na ule wa John F Kennedy ni takriban kilomita 11,800. Abiria anayepitia Amsterdam husafiri jumla ya kilomita zipatazo 12,500, ilhali anayepitia Dubai, ambaye huanza safari kwa kuipa Marekani kisogo, hufikisha karibu 14,500. Hivyo basi, tofauti na njia ya Ulaya ni kama kilomita 700 tu, mwendo ambao ndege haihitaji hata saa nzima kuumaliza.

Ni dhahiri kwamba kinachookolewa hasa ni saa za kusubiri ndege ya pili katika viwanja vya wenyewe. Safari ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Tofauti hiyo husababishwa na pepo kali za angani zivumazo kutoka magharibi, ambazo huikinza ndege inapokwenda na kuisukuma inaporejea.

Hata hivyo, kizingiti kikubwa hakiko angani bali kiko hapa nyumbani. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na ndege iliyosheheni hupaa kwa taabu. Kwa kuwa mafuta ya saa 15 hayapunguziki, kinachobaki kupunguzwa ni abiria au mizigo. Ndiposa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234 inaweza kulazimika kuondoka Nairobi bila kujaa. Ikitoka New York, mji ulio kando ya bahari, haina kikwazo hicho.

Suala hili linamhusu hata Mkenya asiyewahi kupanda ndege, kwani serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa za KQ. Shirika hilo lilipata faida ya Sh5.4 bilioni mwaka wa 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja, lakini likapata hasara ya Sh12.2 bilioni katika nusu ya kwanza ya 2025, baadhi ya Dreamliner zake zikiwa zimeegeshwa.

Bendera yetu kutua New York ni fahari. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasimamizi wa shirika wapange nauli, mizigo na idadi ya safari kwa kuzingatia uzito ambao ndege inaweza kupaa nao kutoka Nairobi. La sivyo, saa anazookoa abiria zitaendelea kulipiwa na mlipa ushuru.