Lenzi Mbili Begini, Ile Ndefu Ibaki Nyumbani



Swali ninaloulizwa mara nyingi na wasichana wanaoanza kazi ya kupiga picha ni moja tu: ninunue lenzi gani tena? Aghalabu muulizaji ana kamera tayari, pamoja na ile lenzi ya kawaida iliyokuja nayo dukani, na jina analotaka kulisikia ni la ile ndefu, 70-200, aliyoiona kwa wapiga picha wa mpira na mikutano. Jibu langu halimfurahishi. Mimi nasema begi la kila siku la mwanamke anayepiga picha hapa Unguja na Pemba linataka lenzi mbili, zote fupi na nyepesi, na hiyo ndefu kama unayo basi iweke kabatini mpaka siku ya kazi yake maalumu.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi yenyewe, ya pili ni ya dini, na ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na kazi. Sisi wengi tunaitwa wapi? Tunaitwa chumbani. Bi harusi anapakwa hina, chumba kina watu kumi na tano, mkeka umejaa, chetezo kinafuka udi, na bibi yake kakaa kwenye ukingo wa kitanda hataki kusogea. Nyumba za Mji Mkongwe unazijua: kuta nene, dirisha moja refu, dari la boriti, na ngazi ambayo ukikutana na mtu mmoja lazima arudi. Nyuma yako ni ukuta, huna pa kurudi. Lenzi inayoanzia milimita 70 humo ndani itakupa uso wa mtu na basi. Mkono wenye hina, somo anayeuchora, mama anayetazama huku akijifuta machozi, vyote hivyo kwa pamoja hutavipata.

Halafu kuna mwanga. Lenzi inayokuja na kamera, ile 18-55, ukiivuta mpaka mwisho uwazi wake unaishia f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ni kwamba pale ambapo mwenzio anawasha flashi na kumchoma bi harusi machoni, wewe unapiga kwa taa ya chumbani au kwa mwanga wa dirishani, na rangi ya hina inabaki vile ilivyo. Na lenzi hiyo haina uzito. Ile ya Canon, kwa mfano, ina gramu 160 hivi, pungufu ya simu nyingi za siku hizi. Zile ndefu za 70-200 zenye f/2.8 zilizotoka miaka ya nyuma zinakaribia kilo moja na nusu. Za kisasa zimepunguzwa kidogo lakini bado zinapita kilo. Mtu anayepanda daladala kutoka Fuoni mpaka Darajani, kisha atembee vichochoroni mpaka Malindi na mkoba mwingine wa nguo mkononi, kilo moja anaijua. Na usiku kazi ikiisha saa nne, begi dogo lisilojulikana lina usalama wake.

Basi ni lenzi zipi mbili? Inategemea kamera yako. Kamera wanazoanza nazo wengi wetu zina sensa ndogo, ile inayoitwa APS-C, na sensa hiyo inakata kingo za picha, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inaona kama 75 au 80. Hiyo ndiyo ya nyuso. Ya pili iwe ya milimita 24 hivi, inayoona kama 36 au 38, na hiyo ndiyo ya chumba, ya meza ya futari, ya watoto wa madrasa wakitoka mbio. Mwenye kamera ya sensa kubwa achukue 35 na 85, atapata karibu yale yale. Ukiniambia nichague moja tu nitabaki na ile ya chumba, maana uso naweza kuusogelea, lakini ukuta siwezi kuusogeza.

Sasa nije kwenye lile jambo la pili.

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba hatuingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi na kutoa salamu, na amri hiyo imo katika Suratun Nur. Lakini kwa nini tunapiga hodi? Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yupo mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W.), na Mtume akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Yule mtu hakuvuka kizingiti kwa mguu. Jicho ndilo lililotangulia, na hilo lilitosha kuwa kosa. Nikiitazama lenzi ndefu, naona ni jicho linalotangulia. Mwili wako uko ng'ambo ya ukumbi karibu na mafeni, na jicho lako liko shingoni kwa mwanamke asiyekujua.

Fikiria ukumbi wa harusi ya wanawake. Mlangoni wanavua mabuibui, ndani nywele zimesukwa, mabega wazi, asumini kichwani, mwingine ananyonyesha kwenye kona, taarabu imekolea na watu wanatunza. Wamejiachia kwa sababu wameaminishwa kwamba pale hapana jicho la mtu baki. Mpiga picha mwenye lenzi fupi, ili ampige mmoja wao, lazima amfikie. Ataonekana. Mwanamke atapata nafasi ya kutabasamu, au kuvuta mtandio, au kutikisa kichwa akasema, mie usinipige mwanangu. Mwenye lenzi ndefu anampiga akiwa nyuma ya spika. Mwanamke hakukataa, kweli, lakini hakukataa kwa sababu hakuulizwa.

Na picha hizo zinakwenda wapi? Mteja ni bi harusi na mama yake. Wao ndio wenye picha, wao ndio watakaozituma kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, na kwenye ukoo wamo wanaume. Yule mwanamke wa kwenye kona hajui kama picha yake ipo, kwa hiyo hawezi hata kuomba ifutwe. Leo zipo kumbi ambazo simu zinazuiwa mlangoni, na zipo familia zisizotaka kamera kabisa ndani, hata ya mwanamke mwenzao. Siwalaumu. Kazi hii tunaipata kwa kuaminiwa, na aliyeaminiwa akiwa na kamera ana amana nzito kuliko mshika funguo wa nyumba.

Wapo watakaoniambia kwamba lenzi ndefu inatoa picha za asili, kwamba mtu akiiona kamera anakauka kama anapigwa ya pasipoti. Hoja hii ina ukweli nusu. Watu hukauka dakika kumi za mwanzo. Wewe ingia mapema, salimia wakubwa, saidia kupanga vikombe, kaa mkekani kamera ikiwa mapajani. Baada ya nusu saa wameshakuzoea na hawakuhesabu tena, na picha utakayopiga itakuwa ya asili na ya idhini pia. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa anayetajwa katika kila darasa la picha, alifanya kazi miaka mingi kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi ya milimita 50 zaidi ya nyingine yoyote. Nakubali kwamba yeye alikuwa mtu wa kuvizia, na kwa hilo simfuati. Lenzi fupi nayo yaweza kuiba. Ila inamlazimu mwizi asogee, na akisogea anaonekana.

Na tuwe wakweli kuhusu jambo jingine. Tunachukia, na tuna haki ya kuchukia, tukiwaona wageni wamesimama ufukweni Paje na Jambiani na lenzi kama mkono, wakiwapiga kina mama wa mwani. Maji yamekupwa, ni bamvua, wanawake wameinama kwenye kamba zao, kanga zimeloa zimeshikana na mwili, na mtu kawalenga kutoka kwenye kiti cha hoteli. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kimesomesha watoto wengi, si maonyesho. Lakini mgeni akifanya hivyo tunanuna, na msichana wetu akifanya hivyo hivyo kwa ajili ya ukurasa wake wa Instagram tunampa mioyo. Kanga iliyoloa ni ile ile. Ukitaka kumpiga mama wa mwani, vua viatu, ingia majini, mpe salamu, muulize. Akikubali, milimita 24 zitakupa yeye na bahari yote nyuma yake.

Sisemi lenzi ndefu ni haramu, jamani, msininukuu vibaya. Resi za ngalawa zinaitaka. Ndege wa mikokoni wanaitaka. Kima punju wa Jozani wala hawaitaki, wale wamezoea watu mpaka hamsini inatosha. Kwa kazi kama hizo iazime au ikodi kwa siku. Ninalokataa ni kuibeba kila siku kama mkufu, kwa sababu lenzi iliyomo begini hutafuta kazi ya kufanya.

Vifaa vingine havina maneno mengi, isipokuwa kimoja. Betri mbili zilizojaa. Kitambaa laini. Mfuko wa plastiki wa kufungia kamera ikinyesha, hasa masika. Flashi ndogo ukipenda, lakini ujue kwamba ile mbinu ya kuielekeza juu ili mwanga urudi laini inafaa kwenye dari jeupe la jipsamu; kwenye boriti nyeusi mwanga unapotelea huko huko. Stendi ya miguu mitatu iache, chumbani utawakwaza wazee.

Kimoja chenye maneno ni memori kadi. Shughuli ya wanawake iwe na kadi yake peke yake, iliyofutwa kabla ya kuingia, na isichanganywe na picha za nikahi ya wanaume wala za safari ya Nungwi. Iandike kwa kalamu ya wino mzito. Ukifika nyumbani zihamishie kwenye diski yenye nywila, mkabidhi mteja mkono kwa mkono, mkubaliane ni siku ngapi utabaki na nakala, kisha ufute. Kama kamera yako inatuma picha kwenye simu yenyewe kwa wifi, zima kabla hujaingia ukumbini. Na usimpe kijana wa dukani kadi hiyo akusafishie picha. Lenzi mbaya itakupa picha mbaya tu, kadi iliyozagaa inaweza kuvunja ndoa ya mtu.

Kuhusu hali ya hewa yetu, hili nalo linakuelekeza kwenye vifaa vichache. Chumvi ya bahari inakula chuma na unyevu unaotesha ukungu ndani ya vioo. Lenzi mbili unaweza kuzipangusa kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, ukazilaza kwenye kopo la plastiki linalofunga pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Lenzi sita hutazipangusa, utalala. Mchele usitumie, unga wake unaingia kwenye viungo vya lenzi. Ufukweni kwenye upepo wa kusi usibadilishe lenzi kabisa. Chagua moja kabla hujatoka nyumbani. Na ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo kioo kitafanya umande na utapiga moshi.

Limebaki la pesa. Hizo 70-200 zenye f/2.8, hata zilizotumika, zinagharimu mamilioni ya shilingi. Nimesikia wasichana wakichukua mikopo ya riba kwa ajili yake, wakati mchezo wa miezi michache na wenzako watano unatosha kukununulia hamsini. Riba kwa ajili ya lenzi ambayo nusu ya wateja wako hawataki kupigwa nayo, mimi sioni hesabu yake.

Na kabla hujanunua hata hizo mbili, jaribu hivi. Chukua ile 18-55 uliyonayo, izungushe mpaka 24, kisha uifunge pete yake kwa kipande cha selotepu ili isizunguke. Piga picha wiki nzima hivyo hivyo: jikoni, barazani, watoto, shughuli ya jirani ikiwepo. Wiki ya pili ifunge kwenye 50. Andika kwenye daftari ni mara ngapi ulitamani kuibandua ile selotepu, na ulikuwa unatazama nini wakati huo.